Unasoma Kipali na Kisanskriti pamoja? Andika maneno kwa jozi

Kwa yeyote aliyeanza masomo ya Ubudha chuoni, iwe Kelaniya kule Sri Lanka au kwingineko: usiwe na madaftari mawili ya msamiati wa Kipali na Kisanskriti, lugha mbili za kale za maandiko ya Kibudha. Gawa ukurasa safu mbili, Kisanskriti kushoto, Kipali kulia: dharma na dhamma, karma na kamma, mukta na mutta, sapta na satta. Kurasa chache tu na kanuni itajitokeza yenyewe: konsonanti mbili tofauti zikifuatana katika Kisanskriti, Kipali mara nyingi huzifananisha, zikawa konsonanti moja iliyorudiwa. Na zile sauti tatu za s za Kisanskriti, Kipali kimebaki na moja.

Ila usikisie kwa pupa. Hiyo satta peke yake yaweza kuwa saba (sapta), kiumbe (sattva) au aliyeng'ang'ania kitu (sakta). Hapo muktadha na mwisho wa neno ndivyo vitakavyokuamulia, kwa hiyo kariri majedwali ya nomino (yanayoonyesha jinsi miisho yake inavyobadilika) kwa sauti, kila siku, hata dakika kumi. Mimi nashauri kuanza na ya Kipali, maana hayana uwili (umbo la vitu viwili tu); Kisanskriti kina umoja, uwili na wingi, na majedwali yake ni marefu kweli kweli.

Tena tafadhali, weka alama za irabu ndefu tangu siku ya kwanza. Buddha ni kumwita mmoja. Buddhā yaweza kuwa wengi. Ukiizembea alama hiyo sasa, kuja kuirekebisha mwaka wa pili ni kazi kubwa.