Kuondoa Zege Lililochakaa na Kutandaza Mawe Asilia Yaliyokwisha Kutumika
Ukishavunja zege la zamani na kuzoa kifusi, chimba kina kinachotosha kokoto zilizoshindiliwa za sentimita 10 hivi, mchanga wa sentimita 3 hadi 5 na jiwe lenyewe, huku ukiacha mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita ili maji yakimbie mbali na ukuta. Mawe ya namna hii hayalingani unene. Kwa hiyo yapange kwanza makavu, yaani kwa kujaribu tu bila kuyakaza, na uso uliolainishwa na nyayo za miaka mingi uelekee juu, kwani uzuri huo jiwe jipya halina. Kila jiwe ligongwe kwa nyundo ya mpira, na likisikika kuwa na uwazi chini yake, liinuliwe, mchanga uongezwe. Nafasi zilizobaki zijazwe mchanga mkavu kwa ufagio.