SOMO: Choo kugoma baada ya operesheni ya mgongo

Wakuu salaam. Mwezi wa pili nilifanyiwa operesheni ya diski ya kiuno, nikarudi kwangu Nkuhungu hapa Dodoma na bahasha ya dawa, ila habari ya choo hakuna aliyenigusia. Siku ya tano sijaenda, tumbo limekaza kama ngoma, nikijikamua maumivu yanapanda mgongoni mpaka machozi yananitoka. Mwenye mgonjwa nyumbani asisubiri siku ya tatu, aanze hatua hizi siku ileile dawa za maumivu zinapoanza.

Maana kinachofunga choo sana ni hizo dawa. Tramadoli, kodeini na mofini zinatuliza maumivu lakini zinalaza na utumbo, uchafu unakaa muda mrefu, maji yake yananyonywa yote unabaki mgumu. Jumlisha dawa ya usingizi ya operesheni, kulala kutwa, na hili joto la Dodoma. Mimi kosa langu nilikuwa napunguza maji makusudi ili nisiamkeamke kwenda kukojoa.

Hatua ya 1. Maji yawe karibu na mkono, usipoyaona huyanywi. Nilikuwa namaliza chupa mbili za lita moja kwa siku, kidogo kidogo, na asubuhi uji wa moto. Mwenye shida ya moyo au figo amuulize daktari kwanza.

Hatua ya 2. Chakula. Hapa sisi wa Dodoma tuna bahati, mlenda upo, unateleza wenyewe na ugali wa dona au uwele, papai lililoiva vizuri, maharage kiasi. Ila usijaze makapi (nyuzinyuzi za chakula) tumboni bila maji, utajifunga zaidi.

Hatua ya 3. Tembea. Kutoka kitandani geuka ubavu mzima kama gogo bila kupinda kiuno, shusha miguu, jisukume na mikono. Nilianza kitanda mpaka mlangoni, wiki ya pili mpaka kwa jirani.

Hatua ya 4, hii ndiyo iliniokoa. Kaa chooni baada ya chai ya asubuhi, utumbo unaamka ukishakula. Miguu weka juu ya kigoda, kile kile cha jikoni, magoti yawe juu kidogo ya nyonga, mgongo umenyooka, pumua taratibu mdomo wazi. Usibane pumzi ukasukuma. Dakika kumi hakuna kitu, nyanyuka, utarudi baadaye.

Hatua ya 5. Dawa ya kulainisha choo omba tangu siku ya kuruhusiwa. Laktulozi inaweza kuchukua siku mbili kufanya kazi, bisakodili ya kumeza ukinywa usiku asubuhi mara nyingi unaenda, ila usiinywe na maziwa.

MASWALI

Swali: Kwetu choo ni cha kuchuchumaa, mama ametoka operesheni wiki jana, tufanyeje?
Jibu: Asichuchumae kwanza dada. Fundi akutobolee kiti cha plastiki imara katikati, kiwekwe juu ya tundu, mtu amshike akikaa na akinyanyuka.

Swali: Mkuu, niache tramadoli?
Jibu: Usiache ghafla kimyakimya, maumivu yakirudi hutatembea na usipotembea choo kinafunga tena. Muombe daktari apunguze taratibu au akubadilishie.

Swali: Bibi anasema tumpige mgonjwa bomba la maji ya sabuni kwa njia ya haja kubwa.
Jibu: Shikamoo kwa bibi, ila hapana. Sabuni inaunguza utumbo. Kama ni bomba, apigwe hospitali.

Swali: Wakati gani sio wa kusubiri nyumbani?
Jibu: Tumbo linavimba, anatapika, hata hewa haitoki, nenda hospitali. Na hili lishikeni sana: akipata ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo ukigoma au ukitoka bila kujua, au miguu ikilegea, hiyo sio shida ya choo tena, mishipa ya fahamu imebanwa, mpelekeni usiku huohuo msingoje kupambazuke.