Kupata mlio wa gitaa la Entombed ukiwa Nakuru

Albamu ya Left Hand Path (1990) ya bendi ya Entombed, iliyorekodiwa Sunlight Studio, Stockholm, na Tomas Skogsberg, ndiyo iliyoifanya pedali ya Boss HM-2 (kisanduku cha mguuni kinachokwaruza sauti ya gitaa) kuwa mlio wa death metal, metali nzito ya kunguruma, ya Uswidi. Ukiisikia, gitaa linanguruma kama pawa so inayokata mti mbichi.

Pedali ina vitufe vinne: Level, Color Mix L, Color Mix H na Dist. Zungusha vyote mpaka mwisho. Hapo wengi huishia, halafu wanashangaa mbona wanasikia nyuki badala ya gitaa.

Sababu huwa moja: pedali imechomekwa moja kwa moja kwenye mixa ya kanisa. Mlio huu unahitaji spika ya gitaa, kwa kuwa ndiyo inayokata ukali wa juu. Tumia amplifaya kwenye chaneli safi (isiyokwaruza), gain (nguvu ya kuingiza sauti) kidogo tu, besi katikati. Color Mix H tayari inasukuma masafa ya karibu na hertzi 1,000, kwa hiyo mid (sauti za kati) ya amplifaya isizidi nusu. Ukirekodi, weka maiki sentimita 2 au 3 kutoka kwenye kitambaa cha spika, kando kidogo ya kitovu. Cheza sehemu ileile mara mbili, moja uiweke kushoto na nyingine kulia. Usinakili ile ya kwanza, maana upana hautokei.

HM-2 ya zamani ni ghali. Behringer HM300 ni nakala ya bei nafuu na inatosha kabisa. Angalia adapta: volti 9, hasi katikati. Adapta nyingi za redio madukani zina chanya katikati, na hiyo inaweza kuiua pedali. Gitaa likivuma hata hujagusa nyuzi, kagua soketi, kwani nyumba nyingi za kupanga hazina waya wa ethi. Kamwe usikate pini ya ethi; hama soketi au mwite fundi.

Shusha nyuzi zote nusutoni 3: C#, F#, B, E, G#, C#. Seti nyembamba ya nyuzi, ya 9, italegea na noti zitayumba, kwa hiyo weka nene, ya 11 hadi 54. Kisha fanya kazi ya mkono, ambayo kwetu ndiyo muhimu kuliko pedali: ubavu wa kiganja ubane nyuzi karibu na daraja, na uzime kabisa kila mnaponyamaza. Bila hiyo, mlio ungejaza kila pengo na hata ngoma za Nicke Andersson, mpiga ngoma wa Entombed, zingepotea.

Mashairi ya Entombed ni ya kifo na kutisha, lakini mwimbaji wao L-G Petrov aliyanguruma maneno yakasikika. Mwimbaji wenu asukume pumzi kutoka tumboni. Koo likianza kuwasha, asimame siku hiyo.