Kupiga picha maandamano bila kunaswa katikati

Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge la Kenya kupinga Mswada wa Fedha, nilifanya kosa la kitoto: nilisimama katikati ya barabara, vijana huku, polisi kule. Kitoa machozi kilipotua, sikuwa na pa kukimbilia.

Siku hizi nasimama ubavuni, mgongo ukutani, karibu na uchochoro ninaojua unatokea wapi. Usitegemee kujificha dukani. Katikati ya Nairobi milango ya chuma hushushwa mapema. Chunguza upepo pia. Moshi haujali kitambulisho cha uanahabari.

Kamera moja, lenzi ya milimita 24 hadi 70 inayopiga eneo pana na pia kuvuta karibu kiasi, basi. Kubadilisha lenzi kwenye vurugu ni kujitafutia balaa. Kasi ya shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, iwe sekunde 1/1000; ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijipange yenyewe. Beba maji, kofia ngumu na miwani ya kukinga macho.

Usifukuze kila jiwe. Tazama mikono: kijana anayemnawisha mwenzake macho, askari anayekaza rungu. Piga, shusha kamera, angalia kulia na kushoto. Ukiganda kwenye kioo cha kamera, farasi wa polisi atakupitia.

Nyuso ndizo zinaninyima usingizi. Nina picha kali ya msichana mmoja, uso wazi kabisa. Haijatoka na haitatoka bila ruhusa yake. Na kadi ya kuhifadhia picha ikijaa, itoe: mimi huificha ndani ya soksi, kamera inabaki na tupu.