Kukaa Mkavu Kwenye Nyuzi 40 Chini ya Sifuri: Mbinu za Wavumbuzi wa Antaktika, Zilizofaa na Zilizoua

Anayejiandaa kwa safari ya Ncha ya Kusini huuliza kwanza avae nguo nzito kiasi gani. Heri aanze kwa kuuliza jasho lake litaishia wapi. Kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri jasho halikauki. Linaganda ndani ya koti, ndani ya soksi, ndani ya begi la kulalia, na kila siku linaongezeka.

Ushahidi upo kwenye mizani. Tarehe 27 Juni 1911 Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard, watu wa kundi la Mwingereza Robert Falcon Scott, waliondoka kambini kwao Cape Evans, Antaktika, kwenda Cape Crozier, katikati ya giza la majira ya baridi, kutafuta mayai ya pengwini aina ya emperor. Baridi ilifika nyuzi 60 chini ya sifuri. Walipoondoka, mabegi yao matatu ya kulalia yalikuwa na uzito wa kilo 24 kwa jumla. Waliporudi baada ya wiki tano yalikuwa na kilo 53. Karibu kilo 30 za barafu, nyingi yake imetoka kwenye ngozi na pumzi zao wenyewe. Hema nalo lilipanda kutoka kilo 16 hadi 27.

Mavazi

Walioujua ufundi huu vizuri kuliko wote ni Wanetsilik, kundi la Wainuit wa Aktiki ya Kanada. Mvumbuzi wa Norwei, Roald Amundsen, alikaa jirani nao huko Gjøa Haven kati ya 1903 na 1905 na akajifunza kwao. Wanetsilik walivaa makoti mawili ya ngozi ya kulungu wa kaskazini (caribou). La ndani manyoya yanaelekea mwilini, la nje yanaelekea nje. Yote mawili yanapwaya, hewa yenye unyevu ipate kupanda na kutoka shingoni. Ukilibana kwa mkanda huku unafanya kazi, umeziba bomba la moshi.

Kwa nguo za leo kanuni ni ileile. Ngozini vaa sufu nyembamba, juu yake sufu nzito kidogo, na nje kitambaa chepesi cha kuzuia upepo. Pamba iache nyumbani hata kwenye chupi, maana ikishalowa haikauki tena. Koti nene la manyoya ya bata si la kutembea nalo. Lifunge juu kabisa ya mzigo, ulivae dakika ileile unaposimama, kabla hujasikia baridi. Unapoanza kuvuta mzigo, dakika 10 za kwanza unapaswa kusikia ubaridi kidogo. Ukianza safari ukiwa na joto la kupendeza, baada ya nusu saa utakuwa umelowa.

Beba brashi ngumu. Kabla ya kuingia hemani kung'uta kwa brashi sakitu yote, yaani chembe za barafu, kwenye nguo, kofia na viatu, kisha geuza glavu ndani nje uzipige pia. Sakitu unayoingia nayo itayeyuka jiko likiwashwa, nawe utalala nayo.

Upepo upime na joto kwa pamoja. Nyuzi 30 chini ya sifuri zikiambatana na upepo wa kilomita 30 kwa saa, uso ulio wazi hupoa kama vile ni nyuzi 46 chini ya sifuri.

Miguu na begi la kulalia

Kiatu kinachobana kinaua vidole. Nunua kinachoingiza soksi mbili nene huku vidole vyote vikicheza. Wavumbuzi wa 1911 walivaa viatu laini vya ngozi ya kulungu, ufundi wa Wasami wa kaskazini mwa Ulaya, vilivyojazwa nyasi kavu. Nyasi hizo zilinyonya jasho, na kila jioni zilitolewa, zikakung'utwa barafu, zikaanikwa. Leo tunaweza kuzuia jasho lisifike kwenye soksi nene hata kidogo: vaa soksi nyembamba, juu yake mfuko wa nailoni usiopitisha maji, kisha soksi nene. Mguu utakuwa na unyevunyevu lakini soksi ya joto itabaki kavu wiki nzima. Jioni vua, futa mguu, na vaa soksi kavu za kulalia ambazo hazitembelewi kamwe.

Begi nalo ni hivyohivyo. Lala ndani ya mfuko mwembamba usiopitisha mvuke, nao uwe ndani ya begi. Usiingize uso begini. Ukijifunika kichwa kizima unapata joto la usiku mmoja na barafu ya safari nzima. Vaa kofia na kitambaa cha shingo, pua ibaki nje.

Majira nayo yaheshimiwe. Amundsen aliondoka mapema mno, tarehe 8 Septemba 1911, baridi ikafika nyuzi 56 chini ya sifuri, akalazimika kugeuza huku baadhi ya wenzake wakiwa na visigino vilivyoganda. Alipoondoka tena Oktoba, alifika Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba.

Chakula

Posho ya kundi la Robert Falcon Scott kwenye uwanda wa juu, kwa mtu mmoja kwa siku, ilikuwa hivi: biskuti gramu 450, pemikani (nyama kavu iliyochanganywa na mafuta) gramu 340, sukari 85, siagi 57, chai 24 na kakao 16. Hiyo ni kama kilokalori 4,500. Mtu anayevuta sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, kwa nguvu zake mwenyewe anaweza kuchoma zaidi ya 6,000, kwa hiyo walikuwa wakifa njaa taratibu huku wakila posho kamili. Ziba pengo hilo kwa mafuta, kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya sukari au nyama kavu. Siagi gramu 150 hadi 200 kwa siku si anasa.

Pemikani unaweza kuitengeneza mwenyewe. Kata nyama isiyo na mafuta vipande vyembamba, ikaushe mpaka ivunjike kwa mkono, kisha itwange iwe unga. Yeyusha mafuta ya ng'ombe polepole hadi yaache kutoa mapovu, maana mapovu ni maji na maji ndiyo yanayoozesha. Chuja, changanya karibu nusu kwa nusu kwa uzito, mimina kwenye trei igande. Wanorwei wa Amundsen waliongeza oti na njegere, na tumbo liliipokea vizuri zaidi.

Chakula hiki hakina vitamini C, na kiseyeye huanza baada ya miezi michache. Wavumbuzi walijiokoa kwa nyama mbichi au isiyoiva sana ya sili. Leo sili wa Antaktika wanalindwa, basi beba vidonge. Kwa upande wa Aktiki kuna onyo moja: ini la dubu mweupe usiliguse, lina vitamini A ya kiwango cha sumu.

Jiko na maji

Jiko la mafuta ya taa la kupampu lilitoka Uswidi 1892 na bado linafaa. Washa spiriti kwenye kikombe chake na uiache iishe karibu yote kabla ya kupampu. Ukiwahi, mafuta hutoka yakiwa maji, moto unaruka juu na masizi yanajaa hemani. Kwenye sufuria tangulia kuweka maji kidogo, kisha ongeza theluji. Theluji kavu peke yake hufyonza maji yake, chini panabaki patupu, sufuria inaungua na maji yananuka moshi. Panga lita 4 za maji kwa mtu kwa siku. Kula theluji ukiwa na kiu kunakupora joto la mwili, acha.

Vaa glavu unapojaza mafuta. Mafuta ya taa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri huweza kubaki kimiminika, na yakimwagika kwenye kidole yanakigandisha papo hapo. Kagua vifuniko pia. Mikebe ya Scott ilizibwa kwa pete za ngozi, baridi ikazikausha, mafuta yakavuja, na waliporudi walikuta pungufu kwenye bohari, yaani akiba ya chakula na mafuta waliyoiacha njiani. Amundsen aliziba mikebe yake kwa kuichomelea.

Bohari na alama

Bohari usiyoiona ni sawa na kutokuwa nayo. Kwenye latitudo 80 Amundsen alipanga bendera 10 kila upande, zikikatiza njia kwa kilomita kadhaa na kila moja ikiwa na namba, hivyo hata aliyepotoka njia angejua aelekee wapi. Akajenga minara 150 ya theluji yenye kimo cha mita 1.8, matofali 9,000 kwa jumla, na ndani ya kila mnara karatasi ya kuonyesha uelekeo na umbali. Bohari kuu ya Scott ilikusudiwa latitudo 80 ikaishia 79°29', kilomita 57 nyuma. Mwaka 1912 yeye, Wilson na Bowers walifia hemani kama kilomita 20 kabla ya kuifikia. Basi usipunguze umbali wa bohari kwa sababu ya uchovu wa siku moja.

Pango la theluji

Hema likipasuka, chimba. Watu sita wa kundi la Victor Campbell, sehemu ya safari ya Scott, waliishi majira yote ya baridi ya 1912 katika pango walilochimba kwenye rundo la theluji, lenye urefu wa mita 3.7 na upana wa 2.7, wakitoka salama mwishoni mwa Septemba. Chagua theluji iliyoshindiliwa na upepo, kina chake kipite mita 2. Mlango uwe chini kuliko mahali pa kulala, hewa ya moto ibaki juu. Paa liwe la mviringo na laini, la sivyo matone yatadondoka juu yenu. Unene wake usipungue sentimita 30.

Tundu la hewa ni lazima, upana wa ngumi, na fimbo ibaki ndani yake muizungushe kila saa. Jiko kwenye pango lililozibwa ni jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Mvumbuzi Mmarekani Richard Byrd nusura afe kwa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu ya moto usio na hewa ya kutosha, alipokuwa peke yake kituoni Antaktika mwaka 1934. Kichwa kikianza kuuma, zima jiko kwanza, kisha fungua mlango.

Ngozi ikiganda

Tazamaneni usoni kila dakika 20. Doa jeupe lisilo na hisia lifunike kwa kiganja cha moto. Vidole vya mkono viweke kwapani, vya mguu tumboni kwa mwenzako, chini ya nguo. Ushauri wa zamani wa kusugua kwa theluji ulikuwa kosa, kwa kuwa unachubua na kuzidi kupoza.

Mguu ukishakuwa mgumu kama ubao, na bado kuna safari, tembea nao hivyohivyo. Ukiyeyushwa hautakanyagika, na ukiganda mara ya pili unapotea. Mkifika mahali salama, utumbukizeni kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, mkiongeza maji ya moto pembeni kila yanapopoa, kwa dakika kama 30 hadi ngozi ilainike na kuwa nyekundu. Maumivu ni makali, hivyo mpeni ibuprofen mapema. Malengelenge msiyatoboe. Wekeni kitambaa kikavu kati ya kila kidole, mguu uinuliwe, na kuanzia hapo mgonjwa asafirishwe kwa sleji.