Somo: Chipu ya karatasi ya kupima naitraiti kwenye maji ya kisima, unatengeneza kwa pasi na krayoni

Wakuu habari zenu. Leo tutengeneze chipu za karatasi za kupimia maji, maana hivi visima vifupi vya mtaani choo kiko hatua chache tu, na watu wanakunywa kwa kuangalia kama maji ni maangavu basi. Naitraiti (kemikali ya naitrojeni, uchafu wa choo huweza kuiingiza kisimani) haina rangi wala harufu, na mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo damu yake inashindwa kubeba oksijeni vizuri.

Chipu ninayosema si ya simu. Ni kipande chenye vimfereji vyembamba vinavyogawa tone moja la maji kwenda sehemu kadhaa. Zamani zilikuwa za kioo au plastiki maalumu, zinataka pampu, mpaka mwaka 2007 kundi la George Whitesides pale Harvard likaonyesha filta pepa inatosha, maji yanajivuta yenyewe kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta ya taa.

Hatua ya 1. Chukua filta pepa ya duara ya sentimita 15 (Whatman namba 1 ni nzuri), hapo zinatoka chipu 7. Kila chipu chora kwa penseli duara la katikati milimita 10, mikono minne, na kila mkono uishie kwenye kiduara cha milimita 7. Mikono chora milimita 4 japo unataka 2 na nusu, kwa sababu nta ikiyeyuka inatambaa pembeni.

Hatua ya 2. Paka krayoni nje ya mistari, kandamiza haswa, geuza upake na nyuma. Weka kati ya karatasi mbili za kawaida upige pasi yenye moto wa pamba, bila mvuke. Halafu igeuze uiangalie kwenye mwanga: penye nta panakuwa kama karatasi ya maandazi yenye mafuta, panapitisha mwanga. Ukiona doa jeupe katikati ya ukuta, hapo maji yatavuja, rudia.

Hatua ya 3. Dawa. Kwenye mililita 10 za maji yaliyochujwa kwa mvuke weka asidi ya sitriki gramu 0.63, sulfanilamidi gramu 0.086 na NED (naftili-ethilini-daiamini, inayosaidia kutoa rangi ya pinki) gramu 0.026. Sulfanilamidi ni mvivu kuyeyuka, pasha kidogo, NED iwe ya mwisho na chupa iwe ya giza. Viduara viwili vitie maikrolita 3 za dawa hii, cha tatu bromothaimoli bluu kwa ajili ya pH (uchachu wa maji), cha nne kiache kitupu. Huna pipeti? Tumia vile vijiti vya kioo vya hematokriti (vya kuvutia damu maabara) vyenye alama ya bluu, milimita moja ya urefu ni karibu maikrolita moja. Anika kivulini.

Hatua ya 4, na hapa naomba mnisikilize. Chipu 4 kati ya 7 ni za standadi, yaani maji ambayo kiasi cha naitraiti unakijua, ya kulinganishia rangi, sio za visima. Gramu 0.15 ya sodiamu naitraiti kwenye lita moja inakupa miligramu 100 za naitraiti kwa lita, toa humo mililita 10, 3 na 1, kila moja ijaze ifike mililita 100, unapata 10, 3 na 1, na ya nne ni maji matupu. Ile chumvi ni sumu na inafanana kabisa na chumvi ya mezani, iandike jina na isikae jikoni hata dakika moja.

Mwanzoni nilikuwa natengeneza standadi mara moja napiga picha, kisima nakifananisha na picha kwenye simu. Kisima kimoja nikasema kiko chini ya miligramu 3 kwa lita, ambayo ndiyo mwisho kwa WHO, kesho yake nikarudia standadi zikiwa karatasi hiyo hiyo kikawa juu, kumbe ile picha niliipiga chini ya taa ya njano. Ilibidi nirudi kwa yule mama nimwambie nilikosea, na ana mjukuu wa miezi mitatu.

Hatua ya 5. Sindano ya insulini ya U-100, alama 4 ni maikrolita 40, dondosha katikati taratibu. Subiri dakika 10. Pinki ni naitraiti. Ukizidisha maji dawa inarudi nyuma na katikati panakuwa pinki, hiyo chipu tupa.

MASWALI

Mkuu, siwezi kuprinti tu hiyo michoro?
– Printa ya wino wa maji hapana, wino unaloa na kusambaa. Zilikuwepo printa za nta ngumu, hizo ndizo zilitumika maabara, ila kuzipata sasa ni kazi.

Mwalimu, viduara vikibaki vyeupe ina maana maji ni salama?
– Hapana dada. Hii haioni vijidudu kabisa. Hata naitreti, ndugu yake naitraiti, haioni, mpaka uibadilishe kwanza kwa unga wa zinki iwe naitraiti.

Na tukiyachemsha?
– Kwa vijidudu ndiyo. Naitreti haitoki, maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo inazidi kuwa kali.

Sisi wa Arumeru shida yetu ni floraidi, meno ya watoto yote kahawia. Chipu hii inafaa?
– Karatasi na pasi ni vile vile kaka, dawa ndiyo inabadilika: zirkoniamu na alizarini, nyekundu inafifia kuwa njano floraidi ikiwepo. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, kwa hiyo standadi zako ziwe 0, 1, 1.5 na 3. Nikusanyie vipimo vyake niviweke hapa Jumamosi.