Vitufe vya laptopu vinapong'aa: ni mafuta au vimelika?

Tazama mbuzi ya kukunia nazi iliyokaliwa miaka mingi. Pale pa kukalia pameng'aa, na hata ukipasugua kwa sabuni kutwa nzima hapatarudi kuwa kama mbao mpya, maana mbao yenyewe imelika. Kisha tazama mfuniko wa sufuria ya kukaangia bajia. Nao unang'aa, lakini ule ni utando wa mafuta tu, na sabuni kidogo inautoa. Vitufe vya laptopu hung'aa kwa njia hizo mbili, na ukivitazama juujuu huwezi kuzitofautisha. Usinunue dawa wala kibodi kabla ya kujua ni ipi iliyokupata.

Kipimo chake hakichukui dakika tano. Zima laptopu kabisa. Chukua kitambaa cha kufutia miwani, kidondoshee matone mawili ya spiriti ya isopropili ya asilimia 70, ufute nusu moja tu ya kitufe cha A, kama mara kumi. Ngoja ikauke, halafu inamisha laptopu dirishani mpaka mwanga upite kwa ubavu. Nusu uliyoifuta ikiwa imefifia na nusu ya pili ingali inameremeta, hayo ni mafuta. Zikiwa sawa, plastiki imelika. Linganisha na F9, kitufe ambacho watu wengi hawakigusi mwaka mzima: hicho ndicho kinachokuonyesha kibodi yako ilivyokuwa ilipotoka kiwandani. Mara nyingi utakuta yote mawili kwa pamoja, mafuta juu na kulika chini yake.

Tunapendekeza A kwa sababu ndiyo herufi inayojirudia zaidi katika Kiswahili. Anayeandika Kiswahili kutwa ataona A ikitangulia, pamoja na upande mmoja wa kitufe kirefu cha nafasi, ule anaoupiga kwa dole gumba. Anayeandika Kiingereza ataiona E mapema zaidi. Wachezaji wa gemu humaliza W, A, S na D.

Kwa nini vinalika

Vitufe vingi vya laptopu ni plastiki ya ABS. Kikiwa kipya, kitufe hakiko laini kama kioo. Kina vijinundu vidogo mno ambavyo hutawanya mwanga, ndiyo maana kinaonekana kikavu kama mkaa. Kila kidole kinapotua na kuteleza, vijinundu hivyo husawazishwa kidogo. Vikishalala, mwanga unarudi pamoja badala ya kutawanyika, na hapo ndipo kitufe kinapong'aa. Hakuna sabuni inayoweza kuvisimamisha tena.

Vidole peke yake huchukua muda mrefu kufanya kazi hiyo. Kinachoiharakisha ni mchanganyiko: mafuta ya ngozi hushika vumbi, na vumbi lenye chembe za mchanga likinaswa kwenye mafuta huwa kama msasa mwembamba unaosuguliwa mara elfu kadhaa kwa siku. Kwa hivyo kufuta mafuta kila wiki ni kuondoa msasa kabla haujafanya kazi yake, na faida hiyo ni kubwa kuliko ya kupendezesha macho.

Laptopu zenye taa chini ya vitufe ni jambo jingine kidogo. Pale kitufe kwa kawaida ni plastiki inayopitisha mwanga, imepakwa rangi nyeusi juu, na herufi imechongwa kwa leza katika rangi hiyo. Kinacholika ni rangi. Ukiona mwanga unapenya pembeni mwa herufi usiku, au herufi inapanuka na kupoteza umbo, rangi imeshatoboka. Hizi zifute kwa mkono mwepesi zaidi.

Mombasa ina yake ya kuongezea. Miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, mikono hutoa jasho hata ukikaa mbele ya feni, na feni yenyewe inakuletea vumbi. Nyumba zilizo karibu na maji, kuanzia Kizingo hadi Nyali, hupata hewa yenye chumvi, na chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo uchafu haukauki, unabaki unanata. Kuna mafuta ya nazi ya nywele, ambayo huhama kutoka kichwani kwenda vidoleni kila unapojishika. Kuna achari na mabuyu: ile sukari nyekundu ya mabuyu ikiyeyuka kwa jasho huingia kwenye kingo za vitufe na kukauka kama gundi. Na kuna dawa ya kupaka ya mbu, ambayo watu hawaifikirii. Dawa nyingi zina DEET, na DEET huyeyusha aina kadhaa za plastiki. Ukijipaka jioni ukakaa kuandika, alama za vidole zinaweza kubaki moja kwa moja. Paka, osha viganja kwa sabuni, kausha, ndipo uguse kibodi.

Kusafisha

Andaa vitambaa viwili laini visivyotoa nyuzi, brashi ya rangi yenye nywele laini, vijiti vya pamba, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na spiriti ya isopropili ya asilimia 70. Maji yawe ya kunywa. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, na mkokoteni haukuambii madumu yamejazwa wapi. Maji hayo yakikauka huacha weupe juu ya kitufe, na yakiteremka chini huacha chumvi kwenye nyaya, ambako itaendelea kuvuta unyevu na kula shaba.

Zima laptopu, usiiache imelala. Chomoa chaja, na kama betri ni ya kutoka, itoe. Iinamishe ikikaribia kusimama wima, upige piga mgongo wake kwa kiganja, kisha pitisha brashi kutoka juu kuelekea chini, mstari kwa mstari. Uchafu uanguke mezani, usisukumwe ndani. Ukitumia kopo la hewa, lishike wima na upulize kwa vipindi vifupi. Kopo likiinamishwa hutoa kimiminika baridi badala ya hewa. Usipulize kwa mdomo, maana mate nayo ni maji.

Sasa mafuta. Watu wengi hukimbilia spiriti, lakini sabuni ndiyo inayoshika mafuta ya mwilini vizuri zaidi. Weka tone moja la sabuni katika kikombe cha maji ya vuguvugu, chovya pembe ya kitambaa, ikamue mpaka isitoe tone hata ukiibana kwa nguvu. Futa mstari mmoja wa vitufe, kwa kuzungusha polepole juu ya kila kitufe. Badilisha sehemu ya kitambaa kila mstari. Ukifuta mstari wa tatu kwa sehemu ileile, unarudisha mafuta ya mstari wa kwanza. Rudia kwa kitambaa cha pili chenye maji matupu, kilichokamuliwa vilevile, ili sabuni isibaki. Malizia na spiriti, matone matano au sita juu ya kitambaa, kamwe si juu ya kibodi. Kingo za vitufe zipitie kwa kijiti cha pamba kilicholowa kidogo tu. Kwa mabuyu yaliyoganda, shikilia kijiti mahali pamoja kwa nusu dakika sukari ilegee, usiichokonoe kwa sindano.

Acha laptopu wazi kivulini kwa dakika 15 kabla ya kuiwasha. Usiianike juani. Jua la adhuhuri la pwani linatosha kuidhuru skrini na betri, na plastiki nyeupe huanza kugeuka manjano.

Ukiona miraba hafifu kwenye skrini, mahali vitufe vinapogusa laptopu ikifungwa, ni mafuta yaleyale yamehamia huko. Skrini ifute kwa kitambaa kikavu au chenye unyevu wa maji tu.

Vitu vinavyoharibu

Asetoni, iliyomo katika dawa nyingi za kutolea rangi ya kucha na katika tina nyingi za fundi rangi, huyeyusha ABS pale pale. Kitufe kinalainika, herufi inafutika, na alama ya kidole inabaki humo. Jiki na dawa nyingine za kung'arisha nguo huchafua rangi na kula chuma. Kitakasa mikono kinaonekana kama spiriti, lakini vingi vimetiwa gliserini ili visikaushe ngozi. Fomyula ya Shirika la Afya Duniani ina asilimia 1.45 ya gliserini. Spiriti ikishapaa, gliserini inabaki, na kesho vitufe vinanata kuliko jana. Soma chupa ya spiriti ya famasi pia: ile iliyotiwa mafuta ya mbarika itakuachia utando uliokuwa unautoa.

Sponji nyeupe inayofuta madoa ukutani ni msasa uliojificha. Kwenye kitufe kilicholika itazidisha ulaini, na kwenye kitufe kizima itaanza kukila. Kuna wanaopitisha msasa wa 1000 au 2000 kwa makusudi ili kurudisha ule ukavu. Unarudi kweli, kwa muda mfupi, lakini michirizi ya msasa hulala upesi kuliko vijinundu vya kiwandani, na herufi zinaondoka pamoja na plastiki. Kwenye laptopu yenye taa, msasa ni kuitoa rangi yote. Rangi ya kupuliza nayo hubabuka kwa jasho na kushikamana kwenye mianya.

Kuzuia

Kunawa mikono kunashinda kila kitu kinachouzwa. Nawa kwa sabuni kabla ya kukaa, kausha vizuri, na ikiwa viganja vyako vinatoa jasho weka kitambaa kidogo cha pamba kando ya laptopu. Kila Ijumaa au siku yoyote utakayoikumbuka, pitisha kitambaa chenye unyevu. Usafishaji mzima wa sabuni na spiriti unatosha mara moja kwa mwezi, na wakati wa kaskazi mara mbili.

Kava ya silikoni inazuia kulika, hilo ni kweli. Lakini hapa pwani jasho hubaki chini yake, na vumbi likiingia linasugua bila wewe kuliona. Nyingine ni nene kiasi kwamba laptopu ikifungwa skrini inabanwa. Ukiitumia, chagua nyembamba iliyokatwa kwa modeli yako hasa, itoe kabla ya kufunga, na uioshe kila wiki pande zote mbili.

Kwa anayechapa kurasa nyingi kila siku, dawa ya kudumu ni kibodi ya pembeni ya USB. Ulizia yenye vitufe vya PBT, plastiki ngumu zaidi inayokawia sana kung'aa. Laptopu inapumzika, na siku ya kuiuza vitufe vyake bado vina ukavu wao. (Ukiwa wewe ndiwe unayenunua laptopu ya mitumba na ukaona vitufe vyote hadi F9 vinameremeta sawasawa, shuku kwamba vimepakwa dawa ya kung'arisha dashibodi ya gari ili kuficha vilivyolika. Futa kimoja kwa kitambaa chenye spiriti uone.)

Vikishalika

Kama kinachokukera ni mng'aro tu na herufi zinasomeka, iache. Kitufe kilicholika kinafanya kazi sawa na kipya. Kama herufi zimefutika, stika za vitufe zinasaidia: chagua zisizong'aa, za kama milimita 11 kwa 13, safisha kitufe kwa spiriti kwanza na uache kikauke, kisha bonyeza stika kwa nusu dakika. Stika kubwa zinazofika kingoni huinuka pembe mapema, na katika joto letu gundi yake hutambaa.

Kubadilisha vitufe viwili vitatu kunawezekana, lakini kila kibodi ina vishikizo vyake chini ya kitufe, na modeli moja inaweza kuwa imetengenezewa kibodi za kampuni tofauti. Linganisha vishikizo kwa macho kabla ya kulipa. Na ujue kitufe kipya katikati ya vilivyolika kitaonekana zaidi.

Kibodi nzima ndiyo suluhisho safi. Angalia mambo matatu: umbo la Enter (laptopu nyingi zilizotumika Uingereza zina Enter ndefu iliyopinda, za Marekani zina iliyolala), kuwepo kwa taa, ambayo mara nyingi huwa na utepe wake wa pili (utepe ni ule waya bapa unaounganisha kibodi na ubao wa laptopu), na kuwepo kwa kile kinundu cha katikati cha kusogezea mshale. Ukikosea moja kati ya hayo, kibodi inaweza isikae, au ikakaa bila taa. Kwenye MacBook nyingi kibodi imebanwa kwa ribiti kwenye fremu ya juu, kwa hivyo kazi ni kubwa na mara nyingi hubadilishwa fremu nzima.

Ukimpelekea fundi, mwombe azipange skrubu kwa mchoro wa karatasi, kwa sababu skrubu ndefu ikiingia tundu fupi hutoboa ubao au kuinua plastiki ya juu. Kufuli ya utepe kwa kawaida huinuliwa kwa ukucha, haivutwi. Ikivunjika, utepe hautashika tena. Kabla ya skrubu kurudi, washa laptopu, fungua ukurasa mtupu, ubonyeze kila kitufe kuanzia Esc hadi mishale, ukishika Shift ya kulia kisha ya kushoto. Mstari mzima au vitufe vilivyotawanyika vikikataa kuitika, mara nyingi utepe umeingia upande. Utolewe na kurudishwa hapo hapo, laptopu ikiwa bado wazi mezani.